Mashine Iende Watu Wanakoangukia

Mheshimiwa mgeni rasmi, wafadhili wetu, ndugu zangu mnaojitolea, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa. Nikianza kutaja mmoja mmoja hatutafika kwenye jambo lenyewe, na jambo lenyewe ni la dakika chache.

Nimeombwa niwashukuru. Nawashukuru. Kila mashine ya kushtua moyo tuliyowahi kukabidhi ilitoka mifukoni mwenu, na wapo humu waliotoa ilhali wao wenyewe walikuwa na shida. Kutoa ni moyo, wahenga walishasema, mimi sina la kuongeza. Ila nisipojizuia nitashukuru mpaka muda uishe, nami nina ugomvi mdogo ambao ningependa tuumalize leo tukiwa sote pamoja. Ugomvi wenyewe ni huu: picha za makabidhiano zikishapigwa, mashine zetu zinakaa wapi, na nani anazitazama?

Kwa ajili ya wageni wetu, nianze na mwili wa binadamu. Moyo una umeme wake, na umeme huo ndio unaoupangia mapigo. Mshipa unaoulisha moyo ukiziba, sehemu ya misuli yake hukosa damu. Mtu anaumwa kifua, jasho linamtoka, mkono unakuwa mzito, lakini mara nyingi bado anaongea na anakujibu. Huo ndio mshtuko wa moyo ambao wengi tunausikia. Moyo kusimama ghafla ni jambo jingine, ingawa la kwanza linaweza kuzaa la pili. Hapa umeme wenyewe umevurugika. Mara nyingi vyumba vya chini vya moyo vinatetemeka ovyo, havisukumi damu kwenda popote. Mtu anaanguka sentensi ikiwa mdomoni. Sekunde chache tu, fahamu hana, hapumui, au anavuta pumzi mojamoja kwa kukoroma, kama samaki aliyetolewa majini. Pumzi hiyo imewaponza watu wengi sana. Ndugu wanasimama wanasema, "Subirini, bado anapumua," nao wanasubiri. Huyo hapumui. Asiyeitika ukimwita na kumtikisa, na pumzi yake si ya kawaida, mhesabu kuwa moyo wake umesimama.

Kila dakika inayopita bila msaada wowote, uwezekano wa kumrudisha hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu mwenyewe. Kufikia dakika ya kumi hapabaki kitu cha maana. Mtu akikandamiza kifua tangu mwanzo, kushuka huko hupungua kasi, kwa sababu damu kidogo inaendelea kufika kwenye ubongo. Lakini kukandamiza peke yake ni nadra kuurudisha moyo unaotetemeka kwenye mpangilio wake. Kazi hiyo inahitaji mkupuo mmoja wa umeme unaoikatiza ile fujo, ili moyo upate nafasi ya kujipanga upya. Kuna jambo watu hawalijui: mashine haiamshi moyo uliotulia tuli bila umeme wowote. Inazima vurugu. Kwa hiyo kuchelewa ni hasara mara mbili, maana moyo unaotetemeka leo, usiposhughulikiwa, baada ya dakika kadhaa utatulia, na hapo mashine itapima na kukuambia haishtui.

Elimu hii haikuanza jana. Mwaka 1899 watafiti wawili wa Geneva, Prevost na Batelli, walionyesha kwa mbwa kwamba umeme unaweza kuuvuruga moyo na umeme huohuo ukautuliza. Ilichukua karibu nusu karne kabla ya daktari Claude Beck, huko Cleveland, kumrudisha kijana wa miaka 14 ambaye moyo wake ulivurugika akiwa kwenye upasuaji, mwaka 1947. Kifua kilikuwa wazi, umeme ukapitishwa kwenye moyo wenyewe. Mwaka 1956 Paul Zoll akaweza kuupitisha umeme juu ya ngozi bila kupasua. Na mwaka 1960 watu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, wakachapisha matokeo ya kukandamiza kifua kwa mikono. Walikuwa wakijaribu mashine ya umeme kwa mbwa, Knickerbocker akaona kwamba kule kuzigandamiza tu zile pedi nzito kifuani kulipandisha shinikizo la damu, kabla hata ya umeme kuwashwa. Mikono na mashine vimekuwa ndugu tangu maabara, na anayewatenganisha hajaelewa kazi hii.

Lakini katika hao wote, mtu wetu sisi, wa shirika kama hili, ni Frank Pantridge wa Belfast. Huyu alikuwa daktari aliyenusurika utekani mwa Wajapani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kwa masimulizi hakuwa mtu wa kubembeleza wakubwa. Aligundua jambo ambalo kila mtu alikuwa akiliona bila kulitazama: wagonjwa wengi wanaokufa kwa moyo wanakufa saa za mwanzo, kabla hata ya kufika hospitali. Mashine ziko wodini, zinalindwa, zinang'aa, na watu wanafia nyumbani na barabarani. Mwaka 1965 yeye na mwenzake John Geddes, pamoja na fundi wao, wakaunganisha mashine na betri za gari. Ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi. Kilo 70, ndugu zangu, na wao wakaiita ya kubebeka! Wakaipakia kwenye gari la wagonjwa, na mwaka 1966 gari likaanza kuzunguka mjini. Wakubwa wengi wa tiba wa wakati ule waliliona jambo la hatari. Baada ya miaka michache alikuwa na mashine ya takriban kilo 3. Leo tunazo ambazo mtoto wa shule anaweza kuzibeba, zinaongea, zinakuelekeza la kufanya, zinapima moyo zenyewe na kuamua zenyewe kama umeme unahitajika.

Ninachotaka mkichukue kwa Pantridge si ufundi wake. Ni lile swali lake: mgonjwa yuko wapi, na mashine iko wapi?

Tuna majibu ya kutosha kuhusu yanayotokea vikikaribiana. Kwenye kasino za Marekani walinzi walifundishwa kutumia mashine hizi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Kulikuwa na watu 105 waliokutwa moyo unatetemeka, na zaidi ya nusu yao walitoka hospitali wakiwa hai. Wale walioonekana wakianguka na wakashtuliwa ndani ya dakika 3, waliopona walikuwa asilimia 74. Baada ya dakika 3, asilimia 49. Wahudumu wa gari la wagonjwa kwa wastani walifika karibu dakika ya kumi, kwa hiyo laiti wangesubiriwa wao, mnajua wenyewe. Kwenye viwanja vya ndege vya Chicago mashine ziliwekwa ili mtu azifikie kwa mwendo wa dakika moja hivi. Kwa miaka miwili watu 18 walikutwa katika hali hiyo ya moyo kutetemeka, 11 wakarudishwa. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kati ya hao 11, sita waliokolewa na watu ambao hawakuwa na wajibu wowote pale wala mafunzo ya mashine ile. Wapita njia, ingawa baadhi yao walikuwa wamesomea udaktari. Walifungua kabati, wakasikiliza sauti, wakafanya.

Sasa hapa ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Kasino na viwanja vya ndege! Ni mahali penye kamera kila kona, walinzi wa zamu, taa zisizozimwa, na pesa. Mtu akianguka pale ameanguka mbele ya macho mia. Lakini sehemu kubwa ya watu ambao moyo husimama nje ya hospitali, kama 7 kati ya 10, huangukia nyumbani: sebuleni, chooni, kitandani alfajiri. Na katika nyumba hizo zipo za wenye nafasi, na zipo za watu wanaobanana chumba kimoja mahali ambapo gari la wagonjwa haliingii, na likiingia haliwezi kugeuza.

Nikisoma barua za maombi tunazopokea, naona majengo mawili. La kwanza lina mlango wa vioo, lina ukumbi wa mapokezi, lina idara ya mahusiano inayojua kuandika barua nzuri. Linaweza kujinunulia mashine bila kutuuliza, lakini likipewa bure halikatai, na picha za pale hutoka vizuri. La pili halijaandika barua, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kitu hiki kipo. Ni zahanati yenye muuguzi mmoja wa zamu. Ni uwanja wa vumbi ambapo vijana mia wanacheza kila jioni. Ni nyumba ya ibada, ni shule ya bweni, ni kibanda cha walinzi wa mtaa ambao hawalali. Sisi tumekuwa tukiwajibu walioandika. Nasema tuanze kuwatafuta wasioandika.

Nimetaja uwanja, ngoja nikae hapo kidogo. Tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani mjini Lyon, katika mechi dhidi ya Colombia, bila kuguswa na mtu. Alifariki siku ileile. Tarehe 12 Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen vilevile, mpira ukiwa unarushwa kuelekea kwake. Wenzake wakamzunguka kumsitiri, kifua kikakandamizwa, mashine ikatumika palepale kwenye nyasi, na mwaka uliofuata alikuwa anacheza ligi ya Uingereza akiwa na kifaa kidogo kimepandikizwa kifuani. Sisemi tofauti ya wale wawili ni mashine peke yake. Maradhi hutofautiana, na Foé alikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo. Nasema hivi: tangu siku ile ya Lyon, viwanja vikubwa vimejifunza. Je, vile viwanja vidogo ambako kina Foé na kina Eriksen wote huanzia? Kijana mwenye tatizo la moyo la kuzaliwa nalo ambalo hakuna aliyewahi kulipima hachagui aanguke kwenye mechi yenye televisheni.

Jambo la pili ni mlango. Watafiti wa Copenhagen, mji uliojaa mashine hizi, waliangalia zinapatikana saa ngapi. Jioni, usiku na mwisho wa wiki, uwezo wa zile mashine kuwafikia wagonjwa ulipungua kwa zaidi ya nusu, kwa sababu moja tu: majengo yamefungwa. Na saa hizohizo ndizo wengi walikuwa wanaanguka. Mashine nyuma ya kufuli saa nne usiku ni pambo. Kwa hiyo yeyote atakayepokea mashine yetu kuanzia sasa, sharti la kwanza iwe nje, kwenye kabati linalostahimili mvua, lenye ile alama ya kijani ya moyo na radi, na wenye zamu ya usiku wawe wanajua ilipo. Najua mtasema itaibwa. Pengine moja itaibwa. Iliyofungiwa nayo, wakati wa usiku, ni kama imeibwa tayari, tofauti ni kwamba hatuisikitikii.

La tatu ni la fedha, na hapa wafadhili mtanivumilia. Mashine si mali ya kudumu. Vibandiko vyake, vile vinavyobandikwa mwilini kupitisha umeme, vina gundi na maji maalumu ndani, vikikauka havipitishi umeme vizuri. Vina tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu ya pakiti, kwa kawaida miaka miwili hivi au zaidi kidogo. Vikitumika mara moja vinatupwa. Betri nayo hukaa miaka kadhaa ikiwa imetulia, kisha huisha. Mashine nyingi hujipima zenyewe na kuonyesha alama ndogo, ama ya kijani ama nyekundu, ama hulia kwa mlio. Sasa mlio unalia kwenye kabati, nani anausikia? Kila mfadhili anapenda jina lake liandikwe kwenye mashine mpya. Sijawahi kuona anayeomba jina lake liandikwe kwenye pakiti ya vibandiko. Na bado atakayeokolewa mwaka wa nne ataokolewa na vile vibandiko.

Halafu kuna hofu. Hii haiondolewi kwa pesa, inaondolewa kwa kushikana mikono na kufanya mazoezi. Watu wanaogopa kumuua aliyekwisha kusimama moyo. Nawaambia kila mara: huwezi kumdhuru zaidi ya hapo alipo. Mashine haitakubali kumshtua mtu ambaye moyo wake unapiga vizuri, hata ukibonyeza kwa hasira. Wanaogopa kuvunja mbavu. Mbavu zinaweza kuvunjika kweli, na mbavu hupona. Wanaogopa sheria, sheria zinatofautiana nchi na nchi, ila nchi nyingi zina kinga kwa anayesaidia kwa nia njema, na kila kundi tunalolifundisha lazima lielezwe ya kwake inasemaje. Na kuna hofu moja inayosemwa kwa kunong'ona: mwanamke akianguka hadharani, watu husita kumfungua nguo kifuani. Tafiti katika nchi mbalimbali zimeonyesha wanawake wanakandamizwa kifua na wapita njia mara chache kuliko wanaume. Dada zetu wanakufa kwa sababu ya haya zetu. Wanaosimama pembeni wageuke wafanye ukuta, mwenye kanga au shuka amsitiri, na kazi iendelee, maana kibandiko lazima kigusane na ngozi.

Kazi yenyewe ni fupi. Mmoja anapiga simu ya dharura, mwingine anakimbilia mashine, wa tatu anapiga magoti. Viganja viwili katikati ya kifua, mikono imenyooka, unakandamiza kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, unaachia kifua kirudi juu kila mara. Aliyefunzwa atatoa pumzi 2 baada ya kila mikandamizo 30. Asiyefunzwa akandamize tu asiache. Mashine ikifika, iwashe kwanza, mengine itakuambia yenyewe. Kifua kikiwa kimelowa, kikaushe. Kibandiko kimoja kifuani juu, chini ya mtulinga wa kulia, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, kingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Mtoto wa chini ya miaka 8 awekewe vibandiko vya watoto vikiwepo. Visipokuwepo, vya wakubwa vinatumika, kimoja kifuani na kingine mgongoni, visigusane. Inaposema msimguse, msimguse. Ikishashtua, mikono irudi kifuani hapohapo. Watu wengi huacha kukandamiza wakisubiri muujiza, na hilo ndilo tunalopaswa kulikemea kwenye mafunzo mpaka litoke.

Nimeongea sana juu ya wanaoanguka. Wapo na wanaobaki, na wao ndio sababu hili ni shirika la kusaidia wenye shida wala si duka la vifaa. Anayerudi kutoka mautini harudi alivyokuwa jana. Wengine hupoteza kumbukumbu, wengine huchoka wakipanda ngazi tatu, wengine huhitaji kupandikizwa kifaa na dawa za kila siku. Kama alikuwa ndiye mlishaji wa nyumba, nyumba nzima imeanguka naye. Tumewahi kushangilia uokoaji wiki moja, na wiki ya pili mkewe anatafuta nauli ya kumpeleka kliniki. Na wapo ambao hawarudi kabisa. Hata mashine ikifika mapema, wengine hawarudi, na yeyote anayewaahidi kinyume cha hapo anauza kitu. Familia hiyo inahitaji mtu wa kukaa nayo. Na yule kijana aliyekandamiza kifua cha baba wa mtu kwa dakika ishirini, baba asiamke, naye anahitaji mtu wa kumwambia kwamba alifanya sawasawa. Huyo tunamsahau daima. Anarudi kwake na mikono inatetemeka, na kesho tunamwomba aje tena mafunzoni kama mkufunzi.

Kwa hiyo nina mapendekezo, nayo yako kwenye karatasi mlizopewa mlangoni. Kila mchango wa mashine utengewe fungu la vibandiko na betri la kutosha miaka yote mashine itakayotumika, na fungu hilo lisiguswe kwa kazi nyingine. Mashine isiende mahali ambapo watu wasiopungua kumi hawajafunzwa kwanza, wakiwemo wa zamu ya usiku. Wenye uwezo wa kununua tuwape mafunzo, mashine wajinunulie. Kila kabati liwe na mtu mmoja mwenye jina, wa kuangalia ile taa mara moja kwa mwezi na kututumia ujumbe. Na sehemu ya mapato yetu iende moja kwa moja kwa familia za walioanguka, wamepona au hawakupona, bila kuwapigisha foleni ya fomu.

Najua pendekezo la tatu limewaudhi baadhi ya marafiki zangu walioketi safu ya mbele, na wamejiandaa kunijibu. Nawakaribisha. Mwenyekiti wa kikao atatoa nafasi kwa wanaopinga kwanza, kila mmoja dakika tatu, kisha tutapiga kura pendekezo moja moja. Wakati mnajipanga kuzungumza, midoli ya mazoezi imewekwa ukumbi wa pili na wakufunzi wako tayari. Asiyewahi kukandamiza kifua asiondoke leo bila kupita pale.